Kitalu cha Mamboleo: nilifuata mimea, nikarudi na duara la mpira

Bwawa langu liko nyuma ya nyumba huku Kajulu, Kisumu: mita 3 kwa 2, kina sentimita 60, samaki aina ya ngege kumi na wawili, na pampu inayopandisha maji juu ya mawe yaporomoke. Mara mbili nilinunua mimea inayoelea, ile kama kabichi ndogo isiyofunga, na mara zote mbili ikaniozea. Maporomoko yaliirushia maji usiku na mchana, kisha mkondo ukaisukuma hadi kwenye mdomo wa pampu, mizizi ikakatika. Aliyeniuzia aliniambia niongeze mingine tu. Iliniuma, kwa sababu kosa halikuwa la mimea.

Mama wa kitalu hiki, kando ya barabara ya Kakamega, hakuanza na bei. Aliuliza, "Mwalimu, maji yako yanaangukia wapi?" Nikamchorea mchangani. Akanieleza kwamba mimea hii inataka maji yaliyotulia. Majani yakilowa kila saa huoza kuanzia moyoni. Akakata mita 3 za mpira wa maji wa nusu inchi, akaunganisha ncha zake zikawa duara, akafunga uzi wa nailoni wenye jiwe la kulishikilia mbali na maporomoko. Mimea hukaa humo ndani. Duara shilingi 350, kila mche 50.

Wiki ya pili kiungio kiliachia, mpira ukajaa maji, upande mmoja ukazama na mimea ikatoroka. Niliurudisha, akauunganisha upya kwa gundi bila kudai senti. Mkinunua, kagueni hapo kwanza.

Niliomba magugumaji pia, kwa ajili ya yale maua ya zambarau. Alikataa katakata, na nilimheshimu zaidi kwa hilo. Sisi wa Kisumu tumeona mashua zikikwama ndani ya magugu hayo ufukoni Dunga. Hata haya ya kabichi alinionya nisiyatupe mferejini, maana mfereji huingia mtoni na mto huenda ziwani. Kila Jumamosi napunguza, nayaweka chini ya migomba.

Sasa ni mwezi wa tatu. Miche sita imejaza duara. Ngege wanadonoa mizizi, lakini inachipua tena, na maji yaliyokuwa ya kijani yametakata, nawaona samaki hadi chini.

Ukienda, mpelekee picha ya bwawa pampu ikiwa imewashwa. Jumapili huwa amefunga.