Mwaka mzima wa kujifunza Kiingereza kwa muvi, uzoefu wangu bila chumvi

Nianze kwa kukiri, muvi za Kiingereza nimeangalia tangu niko mdogo na miaka yote hiyo Kiingereza changu cha kuongea kilikuwa palepale. Nilikuwa nasoma sabtaito tu. Macho yote chini ya skrini, muvi ikiisha nakupa stori mwanzo mwisho, ila uniulize yule jamaa pale mlangoni alisemaje, sina hata neno. Kwa hiyo wale wa "angalia tu muvi, kitaingia chenyewe", jamani hakiingii, mimi hapa ni ushahidi.

Kilichonizindua ni aibu. Kuna mtu wa kazini, Mmarekani, alinipigia akasema hatakuja kwenye mkutano, mimi nikasikia anakuja, nikawaambia wenzangu tumsubiri, tukakaa dakika 40 tunatazamana. Alisema "I can't make it" na mimi nikasikia "can". Jioni nikafungua muvi nikawa nawinda hayo maneno mawili tu, na hapo ndipo nikaelewa kumbe Wamarekani wengi ile "t" ya mwisho hawaitoi, wanaikatia kooni. Kinachotofautisha ni uzito. "I can go" inatoka "ai kn GOU", yaani "can" inamezwa kabisa, halafu "I can't go" ndiyo hiyo "can't" inakanyagwa inasikika nzima. Shuleni nilifundishwa yote mawili kwa uzito uleule, na mwalimu simlaumu, Kiswahili chetu kila silabi inapewa haki yake.

Sasa navyofanya. Natumia VLC, programu ya kuchezea video kwenye laptopu, ni ya bure. Ukishika Shift ukabonyeza mshale wa kushoto inarudi nyuma sekunde 3, na hizo sekunde 3 kwangu ndiyo chuo chenyewe. Kitufe cha [ kinapunguza spidi (usishushe sana, sauti inakuwa kama ya mlevi), na kama sabtaito zinawahi au zinachelewa unazivuta kwa G na H. Nachagua kipande cha dakika mbili hivi, siyo muvi nzima, nasikiliza kwanza bila sabtaito nikiandika nilichosikia hata kama ni upuuzi, halafu nawasha sabtaito za Kiingereza, siyo za Kiswahili, nalinganisha, nazima tena, ndipo naanza kusema pamoja na mwigizaji huku simu inarekodi.

Kurekodi ndiko kunakouma. Mimi nilikuwa najiamini kwenye neno "comfortable", nikalisema kwa raha zangu "komfoteibo", kisha nikacheza sauti ya mwigizaji: "KAMF-ta-bl". Silabi tatu, mkazo mwanzoni, na mwishoni hakuna vokali kabisa, wakati ulimi wangu bila vokali ya kuegemea unajisikia kama umeachwa juu ya mti. Nililirudia siku mbili. Ikawa hivyohivyo kwa "develop", mimi nilikuwa naukanyaga mwisho, kumbe mkazo uko katikati, "di-VE-lap". Na kuna sentensi moja, mama anamfokea mwanawe, niliandika "wachagonaduabaurit" nikidhani ni jina la mahali. Ilikuwa "What are you going to do about it". Nikacheka peke yangu.

Halafu mjue sabtaito zenyewe si za kuamini asilimia mia. Mara nyingi wanafupisha ili msomaji awahi kumaliza, unasikia maneno kumi unaona sita. Mwanzoni nilidhani masikio yangu mabovu.

Msamiati umeongezeka kweli ila siyo ule wa kujidai. Nilichopata ni vile vineno vidogo, "hang on", "figure out", "never mind". Na "I'm good", ambayo ukimkaribisha mtu kitu akajibu hivyo maana yake hataki, mimi nilikuwa naendelea kumpa. Ila ukiokota neno bila kuangalia nani anamwambia nani utaumia. Kwenye muvi marafiki wanaambiana "shut up!" wakimaanisha "acha bwana, kweli?", nami nikamtolea msimamizi wangu kwenye mkutano wa video alipotutangazia habari njema. Kimya kilichofuata nakikumbuka mpaka leo. Siku hizi neno jipya silitumii mpaka nilisikie mara tatu kwa watu tofauti.

Aina ya muvi ina maana kubwa kuliko nilivyofikiri. Za mapigano achana nazo, dakika 20 risasi, maneno manne. Za kifalme zitakufundisha kuongea kama marehemu. Zinazonifaa ni za watu wa kawaida wanaogombana jikoni na ofisini, na tamthilia za vipindi ni bora zaidi kwa sababu sauti ni zilezile kila siku, sikio linazizoea. Katuni wengi wanazisifia, mimi zinanishinda, zile sauti za kubana pua sizipati.

Kuna epu pia niliilipia, jina silitaji, inakupa vipande vya muvi na inapima matamshi yako. Ile ya kubonyeza neno ukaona maana ni tamu sana. Ila kipimo, siku moja nilikohoa ikaniambia "vizuri sana", nikaacha kulipa.

Kwa ujumla njia hii naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa sababu muvi haikujibu, unaweza kuiga mwaka mzima na bado mtu wa kweli akikuuliza kitu unaganda, mimi mpaka leo naganda kidogo. Na inachosha, dakika mbili za muvi zinakula saa nzima.

Wamarekani sasa nawapata vizuri, Waingereza wa London nusunusu. Jana nikajipima na muvi ya Waskoti, dakika 6 za kwanza nimeambulia "aye" tu, yaani "ndiyo" yao. Nimerudisha sabtaito.