Sloti za Simu: Zipi Zina Nafuu, Zipi za Kukimbia, na Namna ya Kulinda Pesa Yako

Mtu akienda kununua simu, swali la kwanza ni bei. Akifungua sloti, ule mchezo wa kamari wa magurudumu ya picha yanayozungushwa, ndani ya simu hiyohiyo, haulizi. Bei ipo, ila imekatwakatwa vipande vidogo mno, kila mzunguko na kipande chake, na muziki unapigwa wakati kinakatwa. Ndiyo maana mtu huliwa pesa ya wiki nzima na bado akasema alikuwa anajaribu tu.

Nimezipanga sloti kwa maswali mawili: saa moja ya kucheza inagharimu kiasi gani, na siku ukishinda, pesa itakufikia? Uzuri wa picha sikuuhesabu. Wala sikujali zile orodha za "sloti zinazotema wiki hii". Sloti halali huamua kila mzunguko kwa programu ya namba nasibu, na mzunguko wa sasa haujui lolote kuhusu uliopita. Mashine haishibi, wala haina deni la kukulipa kwa sababu imekula tangu asubuhi.

Kuisoma bei

Ndani ya mchezo kuna ukurasa wa maelezo, unaofunguka ukibonyeza herufi i au alama ya kuuliza. Tafuta humo herufi RTP. Ni asilimia ya madau ambayo mchezo umetengenezwa kuyarudisha kwa wachezaji wote, ikihesabiwa juu ya mamilioni ya mizunguko. RTP ya 96% maana yake mwenye mchezo anabaki na 4 katika kila 100 iliyochezwa.

Wengi hukosea hapa. Ile 4% haikatwi mara moja kwenye pesa uliyoingia nayo. Inakatwa kwenye kila dau. Ukizungusha mara moja kila sekunde 6, umezungusha mara 600 kwa saa. Kwa dau la sarafu 1 umecheza sarafu 600, hata kama uliingia na 50 tu, kwa sababu ushindi mdogomdogo unarudi kuwa dau tena. Asilimia 4 ya 600 ni 24. Hiyo ndiyo bei ya saa yako kwa wastani. Siku moja utatoka na faida, siku nyingine 50 zote zitaisha kabla ya nusu saa, lakini kadiri unavyocheza ndivyo hesabu yako inavyoisogelea ile 24.

Kwa hiyo mambo yanayopandisha bei ni matatu: ukubwa wa dau, udogo wa RTP, na kasi. Kasi ndiyo inayosahaulika. Ukipunguza muda wa mzunguko kutoka sekunde 6 hadi 3, saa ileile inakula mara mbili. Uingereza waliliona hili, na tangu Oktoba 2021 sheria zao zinataka mzunguko wa sloti ya mtandaoni usipungue sekunde 2.5, na zimepiga marufuku mchezo kujizungusha wenyewe. Zimepiga marufuku pia kitu ambacho mimi nakiona kibaya kuliko vyote: kushangilia hasara. Umeweka 20, mashine imerudisha 5, taa zinawaka na kengele zinalia kama umeshinda, kumbe umepoteza 15. Mahali ambapo sheria hazikulindi, zima sauti, usiguse kitufe cha kujizungusha, na tazama salio tu.

Kuna mtego mwingine ambao hata wachezaji wazoefu hawaujui. Mchezo mmoja unaweza kuwa na RTP kadhaa. Sloti ya Book of Dead, ya kampuni ya Play'n GO, inajulikana kwa 96.21%, lakini mtengenezaji hutoa pia matoleo ya chini yake, na kasino ndiyo inayochagua lipi iweke. Picha zilezile, muziki uleule, bei tofauti. Usiamini namba uliyoisoma kwingine. Isome ndani ya mchezo, kwenye tovuti utakayochezea, siku hiyohiyo. Usipoiona popote, funga.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa kucheza kwa majaribio, bila pesa, kwenye tovuti yenye leseni. Wasomaji wengine watasema huko si kucheza. Lakini kama unachotafuta ni picha, hadithi na msisimko wa kusubiri magurudumu yasimame, hivyo vyote unavipata hapa kwa bei ya bando. Mizunguko mia mbili ya majaribio itakufundisha pia jinsi mchezo unavyokausha salio, na hilo ni somo la kulipata kabla pesa halisi haijaingia. Tahadhari moja: majaribio ya tovuti isiyo na leseni yanaweza kupangwa yakupe ushindi wa kukunogesha. Usichukue bahati ya huko kuwa dalili ya lolote.

Ya pili ni sloti pole zenye RTP ya juu. Upole hapa ni namna malipo yanavyokuja: mara kwa mara, madogomadogo. Blood Suckers ya kampuni ya NetEnt, ambayo toleo lake linalofahamika lina RTP ya 98%, ndiyo mfano ninaoupenda. Kwa saa yetu ya mizunguko 600, bei inashuka hadi sarafu 12. Starburst, ya NetEnt pia, ipo 96.09% na ni pole vilevile, kwa hiyo bei yake ni karibu mara mbili ya hiyo, ingawa kwa macho huwezi kugundua. Hizi hazikupi utajiri. Zinakupa muda mrefu kwa pesa kidogo, na kama umekubali kwamba unanunua muda wa burudani, basi ndicho ulichokuja kununua.

Ya tatu, sloti kali. Humo RTP inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini sehemu kubwa ya marejesho imefungiwa kwenye ushindi mchache mkubwa, na kati yake kuna ukame mrefu. Book of Dead ni ya aina hii. Michezo ya kampuni ya Pragmatic Play huonyesha ukali kwa alama za radi, kuanzia moja hadi tano. Sloti yao ya Gates of Olympus ina zote tano. Mwenye salio dogo hapa hufa kabla mvua haijanyesha. Ukiipenda, dau liwe dogo kiasi kwamba salio lako linabeba mizunguko 300 au zaidi. Na usikibonyeze kitufe cha kununua raundi ya bonasi, yaani mizunguko ya bure ndani ya mchezo. Kwenye Gates of Olympus kinagharimu mara 100 ya dau lako kwa mguso mmoja. Ni kama kucheza mizunguko mia kwa sekunde moja, na nimeona watu wakikibonyeza mara tatu mfululizo kwa hasira.

Ya nne ni jakpoti zinazokua, yaani sloti zenye zawadi kubwa inayoongezeka kadiri watu wanavyoweka madau. Mojawapo, Mega Moolah, imewahi kulipa mamilioni, hilo ni kweli: mwaka 2015 mchezaji mmoja Uingereza aliondoka na zaidi ya pauni milioni 13. Lakini ukiiweka jakpoti pembeni, mchezo wenyewe hurudisha kama 88% tu. Saa yetu ileile inagharimu sarafu 70 na kidogo. Karibu wote wanaoicheza wanalipa bei hiyo na hawaioni jakpoti maisha yao yote. Kama huwezi kujizuia, icheze kama mtu anavyonunua tiketi ya bahati nasibu: mizunguko michache, kisha unaondoka.

Ya tano itawashangaza wengine: zile programu za sloti za "bure" ambazo unanunua sarafu kwa pesa halisi lakini huwezi kutoa hata senti. Zinajitangaza kuwa salama kwa sababu si kamari. Fanya hesabu. Kwa mchezaji aliyelipia sarafu hizo, kinachorudi mfukoni ni sifuri. Ni nafuu ikiwa hununui kitu. Ukianza kununua, hakuna sloti halali ya kasino iliyo ghali hivyo. Na ziko kwenye simu za watoto pia. Funga ununuzi wa ndani ya programu kwa nywila.

Mwisho kabisa, mahali ambapo hata kuorodhesha ni kuheshimu kupita kiasi: programu unayotumiwa kwa kiungo kwenye WhatsApp au Telegram, ya kusakinisha nje ya duka rasmi, pamoja na ndugu zake wanaouza "programu za kutabiri" mzunguko ujao. Namba nasibu haitabiriki, kwa hiyo anayekuuzia utabiri anakuuzia hewa, na mara nyingi programu yenyewe inaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako mfupi, ambamo zimo namba za siri za muda za benki yako. Hapo hupotezi dau. Unapoteza akaunti.

Kabla pesa haijaingia

RTP nzuri kwenye tovuti ya matapeli haina maana, kwani ushindi utakaokuwa kwenye kioo utabaki kwenye kioo. Mimi yaliwahi kunifika. Nilishinda, nikaomba kutoa, nikaambiwa nitume kitambulisho. Nikatuma, wakataka picha yangu nimekishika. Nikatuma, wakanyamaza wiki mbili. Katika wiki hizo mbili pesa ilikuwa palepale kwenye akaunti, inaonekana, kitufe cha kucheza kipo karibu. Niliicheza yote. Leo najua kwamba kuchelewesha huko hakukuwa uzembe. Pesa inayosubiri hurudi mezani.

Kwa hiyo fanya mambo kwa mpangilio huu. Nakili namba ya leseni chini ya tovuti, kisha nenda mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka inayosimamia michezo ya kubahatisha katika nchi yako, uitafute huko. Usibonyeze nembo iliyobandikwa. Nembo hubandikwa na yeyote. Kufuli dogo kwenye kivinjari nalo linaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa kwa wapita njia, halionyeshi kwamba upande wa pili yupo mtu mwaminifu. Kamilisha uthibitisho wa utambulisho kabla ya kuweka pesa. Weka kiasi kidogo kabisa kinachoruhusiwa, cheza kidogo, halafu omba kutoa kilichobaki. Tovuti itakayokulipa kiasi hicho kidogo haraka na bila masharti mapya ndiyo pekee inayostahili kuendelea kuona pesa yako. Ikishindwa kwenye kidogo, haitaweza kwenye kikubwa.

Bonasi, yaani pesa ya zawadi unayopewa na kasino, inahitaji kalamu. Umepewa 100 na sharti la kuzicheza mara 35 kabla ya kutoa. Hiyo ni madau ya 3,500. Kwa sloti ya 96%, gharama ya kutimiza sharti ni wastani wa 140, kwa zawadi ya 100. Sharti likiwa mara 10, gharama ni 40, na hapo zawadi ina maana. Soma pia kikomo cha dau wakati wa bonasi: kukivuka mara moja tu kunatosha kufuta ushindi wote, na tovuti hutumia kifungu hicho bila huruma. Una haki ya kukataa bonasi. Mara nyingi ndio uamuzi bora.

Pesa yenyewe ikae wapi

Isitoke kamwe kwenye akaunti inayopokea mshahara. Fungua pochi ya simu au kadi ya kulipia kabla, iwe ya burudani peke yake, na uiingizie kiasi cha mwezi mara moja. Ikiisha, mwezi umeisha. Usihifadhi kadi ndani ya tovuti. Ile dakika moja ya kuandika namba upya imewaokoa wengi. Usitumie pesa ya mkopo, iwe ya kadi au ya programu za mikopo ya haraka. Uingereza ilikataza kadi za mkopo kwenye kamari tangu Aprili 2020. Deni la kamari lina riba, huku kamari haina faida ya kulilipa.

Weka kikomo cha kuweka pesa ndani ya akaunti ya kasino siku unapoifungua, ukiwa na akili timamu na hujaliwa. Tovuti zenye leseni makini hukuruhusu kukishusha papo hapo na kukuchelewesha ukitaka kukipandisha. Weka kengele ya simu, dakika 30, na simu iwe mbali na kitanda. Usiku wa manane, baada ya kuliwa, ndio wakati ambapo mtu hupandisha dau "arudishe zake", na hakuna hesabu ninayoijua inayomsaidia mtu huyo.

Kama umeanza kuficha taarifa za pochi yako kwa watu wa nyumbani, au kucheza ada ya shule, acha kutafuta sloti nafuu. Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari iliyomshinda mtu nguvu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, kwa hiyo si aibu kuitibu kama ugonjwa. Omba kasino ikufungie, na kama nchi yako ina rejesta ya kujifungia kwenye kasino zote kwa pamoja, kama GAMSTOP ya Uingereza au Spelpaus ya Sweden, jiandikishe humo, maana kufungiwa na moja tu kunakusukuma kwa jirani yake. Mkabidhi mtu unayemwamini usimamizi wa pesa kwa muda. Na katika wiki hizo za kujaribu kuacha unaweza kupata ujumbe kutoka kwa watu wanaojiita mawakili au wataalamu wa mtandao, wakidai wanaweza kukurudishia ulichopoteza ukiwatumia ada kidogo ya kuanzia. Usiwajibu hata kuwauliza swali. Zuia namba na ufute ujumbe.