Asali ya nyuki wadogo, kibanda cha Marikiti

Anayetaka asali nzito ya kupaka mkate asijisumbue na hii. Ni nyepesi, yatiririka kama maji ya ukwaju, na uchachu wake unakaza taya. Nilimuuliza muuzaji, "Mama, hii haijatiwa maji?" Akanipa kijiti: "Onja kwanza, mwanangu."

Ndivyo ilivyo asali ya nyuki hawa wadogo wasiouma. Hawaiweki kwenye masega. Huifinyangia vijungu vidogo vya nta na utomvu wa miti, na maji yake huwa mengi kuliko ya nyuki wakubwa. Kwa hiyo huchacha upesi, nunua kidogo. Ladha ya utomvu hubaki ulimini. Mimi naipenda, mume wangu asema ni dawa.

Muuzaji ana pia asali ya mikoko, ya nyuki wa kawaida, mizinga ikitundikwa kwenye michu, aina ya mikoko ambayo maua yake ya manjano huvuma nyuki. Hii ina chumvi kwa mbali, na kwa chai ya tangawizi haina mpinzani.

Ila chupa! Za soda, kuukuu, vifuniko vyavuja. Mkoba wangu wote uliroa. Nyota nne. Nenda na chupa yako.