Kompyuta ipate intaneti: nunua nini, acha nini Kariakoo

Wadau, swali la kununua kifaa gani ili kompyuta ipate intaneti naulizwa sana, na wengi wanauliza wakiwa wameshafika dukani hela mkononi, muuzaji anawasifia rauta yenye antena nne. Antena nne si hoja. Hoja ni kompyuta inakaa wapi na hapo inapokaa ni laini gani inashika. Kama faiba imepita mtaani kwenu na unaimudu, funga hiyo, kwa kawaida wanakuja na rauta yao kabisa. Tuliobaki tunaishi na laini, na mi napanga hivi.

Namba moja ni simu yako na waya wa USB. Chekeni tu, lakini kama uko peke yako huna haja ya kununua kingine. Hotspot ya Wi-Fi inakula chaji na simu inachemka, ila ukichomeka waya ukaingia settingi ukawasha USB tethering, simu inachaji huku inatoa intaneti, na hata desktop isiyo na Wi-Fi inapata. Cha kuangalia ni waya wenyewe, maana zile za kumwagwa mezani nyingi ni za chaji tu, hazipitishi data, utachomeka na ile switchi ya tethering itabaki imefifia hata ubonyeze mpaka kesho. Omba waya wa data. Wa iPhone wanaotumia Windows mtahitaji pia kuweka iTunes kwanza ili kompyuta iitambue simu. Alafu jamani, kwenye settingi za netiweki za Windows washeni ile "Metered connection" (inaiambia Windows kuwa bando lina kikomo) kabla ya chochote, la sivyo Windows inaanza kujiapdeti kimya kimya na bando la wiki linaisha jioni hiyo hiyo.

Namba mbili, rauta ya 4G ya kuweka laini, hii ni kwa nyumba yenye watu au ofisi ndogo. Hapa ndo watu wanapigwa sana. Kuna rauta za mtumba kutoka Ulaya, safi, zinang'aa, bei ya kuvutia, ila nyuma zina tundu la waya wa simu ya mezani lililoandikwa DSL na hazina pa kuweka laini kabisa, hiyo kwako ni pambo. Geuza, tafuta tundu la laini. Pili uliza kama imelokiwa kwa mtandao mmoja, yaani inakubali laini za kampuni moja tu. Ukiipata nzuri iweke dirishani, juu kadri inavyowezekana, usiifiche nyuma ya tivii, na desktop iunganishe kwa waya wa netiweki wa Cat5e ambao unabeba mpaka gigabiti moja kwa mita 100, hiyo nyumba yako haimalizi. Ongeza UPS ndogo ya 12V, yaani betri ya akiba (angalia kwanza kama rauta yako ni ya 12V) ili umeme ukikatika kikao cha mtandaoni kisife.

Namba tatu ni MiFi, yaani rauta ndogo ya mfukoni yenye betri na tundu la laini. Kwa anayezunguka ni poa, ila betri ni ndogo, Huawei E5573 kwa mfano ina 1500mAh tu, na za mtumba betri huwa zimevimba. Fungua mfuniko uione, kama imeumuka kama andazi rudisha.

Ya mwisho modemu ya USB, kile kijiti chenye laini unachochomeka kwenye kompyuta. Zile za 3G za zamani nyingi mwisho wake 7.2Mbps na hapo ni kwenye karatasi. Ya 4G kama Huawei E3372 inafaa ukiipata bei chee, basi.

Mwenye desktop ambayo Wi-Fi haina na waya haufiki, chukua adapta ya Wi-Fi ya USB, ila jua kwamba vidogo kama TL-WN725N ya TP-Link vinaona masafa ya 2.4GHz tu, Wi-Fi ya 5GHz haitatokea kwenye listi na utadhani kibovu.

Kifaa chochote chenye laini kina IMEI, yaani namba yake ya utambulisho, kwenye MiFi iko kwenye stika chini ya betri, hakikisha inafanana na inayoonekana kwenye settingi zake. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walishazima simu zenye IMEI feki Juni 2016, kwa hiyo si utani. Nenda na laini yako na laptop yako, wakuchomekee pale pale ufungue hata video moja. Akikataa, duka lingine liko hatua tatu mbele.