Linux Mint kwenye laptopu ya mtumba: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na printa, nitaifikia.

Mashine ni ThinkPad T440, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM 4GB, ya mtumba kama zile zinazopangwa madukani Darajani na Mlandege, Zanzibar. Windows 11 haiitaki: inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Nimeweka Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure unaoshika nafasi ya Windows, toleo jepesi la Xfce, litakalopata marekebisho ya usalama hadi 2029.

Niseme mapema: nusu ya wepesi ambao watu huusifia si wa Linux, ni wa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ukiiweka Mint juu ya diski ya zamani ya kuzunguka, utangoja vilevile. Nunua kwanza SSD ya SATA ya inchi 2.5, hata ya 240GB. T440 ina betri nyingine iliyojificha ndani, kwa hiyo kabla ya kufungua kifuniko cha chini ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) kwa F1 uizime betri hiyo kwenye menyu ya Config, kisha Power. Wanaoiruka hatua hii huchomoa diski huku bodi bado ina umeme.

Faili la Mint linakaribia 3GB. Flashi ya 4GB yatosha, ila kila kilichomo kitafutika. Ukishalishusha lipime kwa sha256sum, yaani ulinganishe namba yake ya uhakiki na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint, hasa kama bando lilikatika katikati. Faili bovu huleta makosa yasiyoeleweka wakati wa kusakinisha, kisha lawama zote zikaangukia laptopu. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, halafu washa mashine huku ukibonyeza F12. Kwenye HP ni F9.

Mint hukimbia kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi: nenda na flashi yako dukani kabla hujatoa pesa. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `upower -d`, utazame mstari wa capacity: ni asilimia ya uwezo wa betri uliobaki tangu ilipokuwa mpya. Betri iliyobaki asilimia 40 si betri tena, ni uzito wa kubeba. Fungua programu ya Disks, soma taarifa za SMART, yaani ripoti ya afya ya diski. Ikiwa Reallocated Sector Count (idadi ya sehemu mbovu za diski) si sifuri, ama bei ishuke ama uondoke. Gusa kila kitufe, sikiliza spika, washa kamera. Muuzaji akikataa flashi yako, umeshapata jibu.

Waifai ya T440 hii ni ya Intel, ilikubali bila kuombwa. Wenye HP na Dell zenye kadi ya Broadcom, hasa BCM43142, humaliza kusakinisha na wasione mtandao wowote. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kwenye simu sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, fungua Driver Manager na uchague draiva (programu inayoendesha kifaa) ya bcmwl. Kuwa mwangalifu tu na bando: masasisho ya mara ya kwanza hula mamia ya MB.

Umeme ukikatika na betri yako ni chakavu, keneli (kiini cha mfumo) inayosasishwa inaweza kubaki nusu. Piga kwanza picha ya mfumo, ya kurudia ukiharibikiwa, kwa programu ya Timeshift. Keneli ikishabaki nusu, amri ya `sudo dpkg --configure -a` mara nyingi huiponya.

Ukiacha Windows pembeni ya Mint, saa itakuchezea. Linux huiweka saa ya bodi kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tupo saa tatu mbele, hivyo saa kumi jioni Windows itakuonesha saa saba mchana. Dawa ni `timedatectl set-local-rtc 1`. Zima pia Fast Startup ya Windows (uwashaji wa haraka), la sivyo ukiwa Mint utaweza kusoma diski yake lakini usiweze kuandika.

Kwa maalim wa chuoni au wa skuli anayechanganya Kiswahili na Kiarabu, imenifurahisha. Ongeza Kiarabu kwenye mipangilio ya kibodi, sakinisha fonti ya Kiarabu ya `fonts-hosny-amiri`, na kwenye LibreOffice (programu ya ofisi ya Mint) ruhusu maandishi ya kulia kwenda kushoto katika sehemu ya lugha. Hati za Word zenye Calibri zisivurugike kurasa, ongeza `fonts-crosextra-carlito`. Herufi zake zina upana uleule wa Calibri.

Flashi iliyopita steshenari na kurudi imejaa shotikati? Ichomeke Mint. Kirusi kile cha Windows hakifanyi kazi humu, na mafaili kilichoyaficha yanaonekana kama kawaida, mara nyingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili yako, futa mengine.

Sasa printa. HP LaserJet P1102 huonekana, lakini haichapi hadi uendeshe `hp-plugin`, nayo inataka intaneti. Canon LBP2900, ambayo bado ipo kwenye maofisi mengi, hutumia CAPT, mfumo wa uchapishaji wa Canon wenyewe, wenye draiva kongwe. Nimeihangaikia sana na siishauri. Kama ofisi yako inaitegemea hiyo, iache kompyuta moja na Windows, na hati zako uzipeleke huko zikiwa PDF.