Nintendo Switch toleo la 20.0.0: kadi pepe za michezo na mitego yake

Sasisho la 20.0.0 la Nintendo Switch, konsoli ya michezo ya video, lilitoka mwishoni mwa Aprili 2025, wiki chache kabla ya mrithi wake, Switch 2, kuingia sokoni Juni 5. Limeongeza mambo kadhaa, lakini moja ndilo lenye uzito: kila mchezo ulionunuliwa kwa kupakua sasa ni kadi pepe, ambayo unaichomeka na kuichomoa kama ile ya plastiki. Jina limechaguliwa vizuri, maana hata mtoto anaelewa kwamba kadi moja haiwezi kukaa kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja. Shida huanza pale mtu anapoamini kwamba inafanana na ya plastiki kwa kila kitu.

Kusasisha hakuna ugumu. Fungua mipangilio ya mfumo, shuka hadi kipengele cha mwisho cha mfumo, chagua sasisho. Weka konsoli kwenye chaji kwanza. Ujue pia kwamba hakuna njia rasmi ya kurudi toleo la nyuma. Ukimaliza, alama mpya ya kadi itaonekana kwenye safu ya chini ya skrini ya mwanzo, na humo ndimo kazi yote inamofanyika.

Zamani akaunti ilikuwa na konsoli moja kuu ambapo yeyote angeweza kucheza hata bila intaneti. Kwenye konsoli nyingine ni mwenye akaunti tu aliyeruhusiwa, tena akiwa mtandaoni. Mpango mpya unazipa konsoli mbili hadhi sawa. Penye kadi, watumiaji wote wa mashine hiyo wanacheza, intaneti iwepo isiwepo. Intaneti inahitajika wakati wa kuchomoa na kuchomeka tu. Kwa hiyo kama unasafiri, hamisha kadi kabla ya kutoka nyumbani. Ukikumbuka ukiwa ndani ya ndege, umechelewa.

Kuunganisha konsoli hizo mbili hufanyika mara moja. Zote ziwe zimesasishwa, zote ziwe na akaunti ile ile, na ziwekwe karibu, kwa sababu mara ya kwanza huwasiliana moja kwa moja bila waya. Ikigoma, tazama kwanza kama hali ya ndege imewashwa kwenye mojawapo, kisha hakikisha zote zina toleo la 20.0.0 au la baadaye. Baada ya hapo kadi zinahama kwa intaneti hata konsoli zikiwa mbalimbali. Ya tatu haiingii mpaka utenganishe mojawapo. Kwa nyumba yenye konsoli tatu, hapa plastiki inashinda bila ubishi.

Mtego mkubwa ni maendeleo ya mchezo. Kadi inahama, ulipofikia hauhami. Ukiichomeka upande wa pili utapakua mchezo, utaufungua, na utajikuta umerudi mwanzo kabisa. Dawa ni mbili. Wenye usajili wa kulipia wa huduma ya mtandaoni hutumia hifadhi ya wingu, yaani nakala inayowekwa kwenye seva, ila si kila mchezo unaikubali: Splatoon 2 na Pokémon Sword ni mifano ya ile inayokataa. Wasio na usajili waende kwenye usimamizi wa data ndani ya mipangilio, wapeleke data ya maendeleo moja kwa moja kutoka konsoli hadi konsoli. Njia hii huihamisha data, haiinakili. Upande ilikotoka haibaki. Fanya hivyo kwanza, konsoli zikiwa bado pamoja, ndipo uhamishe kadi.

Tena, kuchomoa kadi hakufuti mchezo. Faili zinabaki zimekalia nafasi ile ile, alama inabaki kwenye skrini, ila haifunguki. Ukijua kadi itarudi baada ya siku mbili, ziache, zitakuokoa kupakua upya. Kama nafasi ni finyu, futa programu. Data ya maendeleo hukaa pembeni na haiguswi.

Kuazimisha kunawahusu tu walio kwenye kikundi cha familia, ambacho mwisho wake ni akaunti 8. Unaweza kumwazima kila mmoja mchezo mmoja kwa wakati, konsoli zikiwa karibu, na baada ya siku 14 kadi inarudi yenyewe bila kudaiwa. Hilo la kurudi yenyewe ni zuri kuliko plastiki. Nani hajawahi kuazimisha kitu kikapotelea huko huko? Maendeleo ya mwazimaji yanabaki kwenye konsoli yake, akiazima tena ataendelea alipoishia. Lakini rafiki wa mtaani asiye kwenye kikundi hapati kitu, na kuuza kadi pepe hakupo.

Sasa lile lililowakasirisha wengi: je, watu wawili bado wanaweza kucheza nakala moja kwa pamoja? Ndiyo, ila kitufe chake kimefichwa. Gusa picha ya mtumiaji juu ya skrini ya mwanzo, ingia mipangilio ya mtumiaji, washa leseni ya mtandaoni. Kisha acha kadi kwenye konsoli ya mwenzako, acheze kwa akaunti yake, nawe ucheze kwenye konsoli nyingine kwa akaunti iliyonunua. Sharti ni kwamba wewe uwe na intaneti muda wote. Ikikatika, mchezo unasimama. Na kwenye konsoli yako hakuna mtumiaji mwingine atakayeufungua. Ni utaratibu ule wa zamani umebadilishwa jina, na ulistahili kuelezwa waziwazi badala ya kuzikwa kwenye menyu.

Vipengele vingine ni vya kuandaa njia ya Switch 2. GameShare humwezesha mwenye Switch 2 kumshirikisha mwenye Switch mchezo aliye nao, wakiwa karibu na kwa michezo inayokubali tu. Switch ya kawaida inapokea, haiwezi kuwa mwenyeji. Kuna pia kuhamisha mfumo mzima kwenda Switch 2, na hapa soma kila skrini kabla ya kubonyeza. Ukichagua kwamba bado huna mashine mpya, data hupandishwa kwenye seva na konsoli yako inafutwa, inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Asiye na Switch 2 mkononi asiiguse njia hiyo, labda kama anaiuza ya zamani siku hiyo hiyo.