Diski ya gigabaiti 500 katika kompyuta ya mwaka 1999: tathmini ya adapta ya SATA kwenda IDE

Kompyuta inayoendesha mashine yetu ya kukata stika hapa Nasser Road, Kampala, ni ya mwaka 1999. Ina Pentium III, madabodi yenye chipu za Intel 440BX, Windows 98, na kadi moja ndefu ya ISA, aina ya kizamani ya kadi za kuchomeka kwenye madabodi, ambayo bila hiyo mashine ya kukata haisikii amri ya mtu yeyote. Wateja huniuliza kwa nini sinunui kompyuta mpya. Ningeweza kuipata kesho asubuhi, lakini kadi ile haina mahali pa kuchomekwa katika kompyuta za siku hizi, na mashine ya kukata bado inafanya kazi safi. Kwa hiyo diski ya gigabaiti 10 ilipoanza kugonga ndani kama mtu anayebisha hodi, nilikuwa natafuta diski tu.

Diski za IDE, zile za mkanda mpana wa pini 40, zimekuwa adimu, na chache zinazopatikana zina umri uleule wa ile inayokufa. Za SATA, aina iliyokuja baada ya IDE, zilizotolewa katika laptopu zilizovunjwa zimejaa madukani. Nilinunua moja ya gigabaiti 500, pamoja na adapta isiyo na jina la mtengenezaji kwa shilingi 35,000, na mwenye duka akanihakikishia: "Ssebo, hii ni ya kuchomeka tu." Ninaiandikia tathmini hii baada ya kuitumia kwa miezi minane, na sehemu kubwa ya maneno yangu inahusu lile neno "tu".

Adapta yenyewe ni kibao kidogo kinachoingia nyuma ya diski, kikiwa na pini 40 upande wa pili, waya wa umeme, taa nyekundu na jampa ya kuchagua kama diski itakuwa ya kwanza au ya pili kwenye mkanda. Pini zimenyooka na zimelehemewa kwa usafi, jambo ambalo sikulitarajia kwa bei hiyo. Chipu yake hupata joto, ila si joto la kuunguza kidole. Kasoro yake ya umbo ni kwamba inaongeza urefu wa diski, na kwa kuwa diski ya laptopu ni ndogo kuliko nafasi iliyomo ndani ya kasha, nililazimika kuikatia kipande cha bati na kuitoboa matundu ya skrubu. Kuhusu mwendo, 440BX haipitishi zaidi ya megabaiti 33 kwa sekunde, tena mpaka uweke alama kwenye kisanduku cha DMA (njia ya diski kupeleka data bila kuisumbua prosesa) katika mipangilio ya diski ya Windows 98. Hata hivyo Windows sasa inawaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka kwa diski ya awali.

Kijana ninayefanya naye kazi aliifunga diski mpya kwenye kompyuta yake ya kisasa, akanakili kila kilichokuwa katika ile ya zamani, akaipanua iwe kigawanyo kimoja cha FAT32, mpangilio wa mafaili ambao Windows 98 inauelewa, kinachomeza gigabaiti zote 500, kisha akaongeza hazina yetu ya michoro ya wateja, gigabaiti 120 hivi. Tulipoirudisha kwenye Pentium III, kila kitu kilifunguka. "Mzee, hii hatuijazi hata kwa miaka kumi," akaniambia, akinionyesha nafasi iliyobaki.

Wiki ya tatu nilihifadhi mchoro wa stika za mlango wa kanisa. Kompyuta haikulalamika. Kesho yake ilipowashwa, iliomba iwekewe diski ya mfumo, kana kwamba ndani yake hamna kitu. Niliichomoa diski nikaichungulia sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande, kwenye laptopu, na mwanzoni kabisa, panapopaswa kuwa na jedwali la vigawanyo, nikakuta mistari ya faili la mchoro, la EPS, la stika zilezile za kanisa.

Adapta haikuwa na hatia, na diski haikuwa mbovu. Mfumo wa zamani wa ATA, yaani lugha ambayo kompyuta na diski za IDE huzungumza, uliandika anwani ya kila sekta kwa biti 28, na biti 28 haziwezi kuhesabu zaidi ya sekta 268,435,456. Kwa kuwa kila sekta ina baiti 512, hesabu inakwisha kwenye gigabaiti 137. Kiwango cha ATA-6 cha mwaka 2002 ndicho kilichopanua anwani hadi biti 48, na Windows XP ikaanza kuzielewa kwa kifurushi cha marekebisho cha Service Pack 1 mwaka huohuo, lakini dereva wa diski wa Windows 98, yaani programu inayoongea na diski, alibaki na biti zake 28. Aliamini jedwali lililomwambia kwamba nafasi ipo, akapewa sekta iliyo ng'ambo ya mpaka, akaikata anwani yake bila kusema neno, na maandishi yakaangukia mwanzoni mwa diski, kama mita ya kilomita ya taksi kuukuu inavyorudi kwenye sifuri tarakimu zikiisha. Wiki tatu za amani zilitokana tu na kwamba mafaili yetu yalikuwa bado upande huu wa mpaka. Nakala za michoro tulikuwa nazo kwingine, nashukuru. Vinginevyo ningekuwa naandika kwa lugha nyingine.

Dawa yake haihitaji kununua kitu. Niliifunga diski kwenye kompyuta ya Linux, moja kwa moja kwenye soketi ya SATA, si kwa kebo ya USB, na kwa amri ya hdparm -N nikaiamuru ijitangaze kuwa na sekta 250,000,000 tu, yaani gigabaiti 128 kamili. Diski yenyewe ndiyo inayoficha salio, hivyo hakuna programu inayoweza kulifikia kwa bahati mbaya. FDISK ya Windows 98 haifai kwa kazi ya kugawa diski ya ukubwa huo, kwani ikipita gigabaiti 64 huanza kuhesabu upya; yangu ilinionyesha megabaiti 56,500 hivi. Niligawa palepale kwenye Linux: gigabaiti 10 za Windows na vigawanyo vitatu vya michoro, kila kimoja kama gigabaiti 39.

Kugawa huko kuna faida nyingine kwetu sisi ambao umeme huondoka bila kuaga. Kompyuta ikizimika ghafla, ScanDisk hukagua kwanza kabla ya kukuruhusu kufanya kazi, na kukagua kigawanyo kimoja kikubwa kunaweza kumaliza asubuhi nzima mteja akiwa amesimama kaunta.

Wenye kompyuta za kabla ya katikati ya mwaka 1999 wachunguze bayosi zao kwanza, yaani programu iliyo kwenye madabodi inayoiwasha kompyuta na kuzitambua diski. Bayosi nyingi za Award za wakati huo hukwama kabisa zikikutana na diski iliyozidi gigabaiti 33.8, na za zamani zaidi huishia 8.4, au hata megabaiti 528. Diski nyingi za IDE zilikuwa na jampa ya kuzipunguza hadi gigabaiti 32. Hizi za SATA hazina, kwa hiyo mtarudi kwenye hdparm na namba ndogo zaidi. Asiyehitaji nafasi kubwa atafute kadi ya CompactFlash na adapta yake, kwa sababu kadi hizo huzungumza lugha ya IDE zenyewe na hazina kinachozunguka. Mimi nina michoro mingi mno kwa njia hiyo.

Adapta naipa alama nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ndani ya kifurushi hamkuwa na karatasi yoyote inayosema jampa ikae wapi, nikapoteza saa nzima nikijaribu huku na kule. Wiki iliyopita nilirudi dukani nikanunua ya pili, ipo kwenye droo ya chini pamoja na diski nyingine niliyokwisha kuikata hadi sekta 250,000,000.